Mashine Iliyoitwa Millicent

Kiti kilikuwa na joto.

Lorine ndiye aliyefungua kufuli ya chumba asubuhi ile, na ufunguo wa pili haukuwepo. Dirisha lilikuwa na vyuma. Hata hivyo, alipoketi mbele ya kompyuta alihisi joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, akasimama haraka na kukipapasa kiti kwa kiganja. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kawaida, ambacho asubuhi za Sindo upepo wa ziwa hukipoza hadi utamani kukalia leso.

"Ni jua," akajiambia, ingawa jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

Akaketi tena. Mtu mwenye biashara changa hana nafasi ya kuogopa kiti.

Biashara yenyewe ilikuwa ya kuendesha seva. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila hii hailali. Inakaa macho mchana na usiku ikingoja watu wa intaneti wabishe hodi, na kila anayebisha inampa ukurasa alioutaka. Programu zake ni huria, yeyote anazichukua bure na kuzitumia apendavyo, kwa hiyo Lorine aliona hapo pana riziki. Alijifunza kwa video za simu na kwa kukosea. Alikosea sana. Nukta mkato moja ikisahaulika kwenye faili, seva nzima inagoma, na yeye alikuwa msahaulifu wa nukta. Lakini alikuwa mkaidi, na ukaidi ulimfikisha. Sasa alikuwa na wateja: gesti moja ya Homa Bay, mshonaji wa Magunga, na mzee Nyamhanga mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Uriri, ambako Lorine alizaliwa.

Chumba kilikuwa pembeni mwa boma la mumewe, Levi, fundi wa injini za boti. Na chumba hicho, kompyuta hiyo, hata kiti hicho, vyote vilikuwa vya Millicent. Hapo ndipo palipomuuma.

Millicent alikuwa mke wa kwanza wa Levi. Alikufa kwa ugonjwa wa figo, bila mtoto, kabla Lorine hajajua kama kuna mtu duniani anaitwa Levi. Hawakuwahi kuonana. Lakini Lorine alimjua kuliko anavyowajua dada zake, maana Sindo nzima ilimsimulia bila kuulizwa. Millicent alikuwa akiwachapia watu barua bila kutazama kibodi. Millicent alikuwa akicheka na wateja. Millicent, Mungu amlaze pema, chai yake ilikuwa chai. Mke mwenza aliye hai ana faida yake, kwani ipo siku ataunguza mboga na mtaa mzima unuse. Aliyekufa haunguzi kitu.

Na kulikuwa na lile jambo la vyeo. Kwa Wajaluo mke wa kwanza ni Mikayi na wa pili ni Nyachira, na cheo hicho hakifi na mtu. Nyumba ya Millicent ilikuwa imesimama pale pale, ikitazamana na lango la boma, kubwa, imefungwa. Ya Lorine ilikuwa ubavuni mwake, ndogo. Mama mkwe wake alimwita Nyachira asubuhi na jioni, kama kwamba Mikayi alikuwa ametoka tu kwenda sokoni. Majirani walimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri. Levi peke yake ndiye aliyemwita Lorine, tena kwa kulivuta jina, polepole, na kwa ajili ya hilo tu angemsamehe mambo mengi. Alichotaka maishani hakikuwa kikubwa. Alitaka awe mke wa Levi, bila namba.

Sasa sikia alichokifanya.

Siku alipoifuta kompyuta ile ya zamani na kuisakinisha upya iwe seva, mashine ilimuuliza iitwe nani. Kila seva lazima iwe na jina. Watu huandika jina la mnyama, la mto, la sayari, lolote lile. Lorine aliangalia kile kiboksi kitupu, akafikiria chai ambayo ilikuwa chai, na mkono wake ukaandika: millicent.

Akacheka peke yake hadi machozi. Maana kwenye programu zile kuna neno moja fupi ambalo ukilitanguliza mbele ya amri, mashine inatii bila kubisha. Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akilichapa kwa raha. Millicent, amka. Millicent, simama. Millicent, futa hiki, beba kile. "Haya mama," alikuwa akisema kwa sauti, vidole vikikimbia, "leo utanifanyia kazi." Kilikuwa kisasi cha bure, hakuna aliyejua, na kilimtuliza moyo kuliko maombi.

Jina la marehemu kwao halitupwi ovyo. Mtoto akipewa jina la aliyekufa, huyo aliyekufa amekaribishwa nyumbani, ndiyo maana wazee hukaa kwanza wakaulizana nani anataka kurudi na nani aachwe alale. Lorine alilijua hilo tangu utotoni. Alidhani tu kwamba linahusu watoto.

Mwanzoni ilikuwa neema. Seva haikugoma tena, hata nukta ikisahaulika. Stima ilipokatika na kurudi, alikuta kila kitu kimeshawashwa na kiko mahali pake. Wateja walisifu. Lorine alidhani amekuwa hodari, akajipongeza kwa soda.

Kisha kikaja kile kiti, na baada ya kiti ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele, tamu, yenye tangawizi ya chai kwa mbali, nayo ilitoka pale kwenye tundu za nyuma ya mashine panapotoka hewa ya moto. Mama mkwe alipita mlangoni siku moja na kapu lake la mboga, akasimama. Akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu Lorine aolewe, bibi yule alikitazama chumba kile akatabasamu.

"Leo hapa kunanukia vizuri, Nyachira," alisema. "Kunanukia mtu wa nyumba."

Lorine alijibu asante. Hakujua bado kama alichohisi ni hofu au ni wivu. Ulikuwa wivu. Hofu ilikuja jioni, alipofungua ile sehemu ya seva inayoonyesha nani amebisha hodi na amebisha kutoka wapi. Wengi walitoka Homa Bay, Migori, Kisumu. Lakini kulikuwa na mgeni mmoja aliyebisha tena na tena, na namba yake ilikuwa ile ambayo kila mashine hujiita yenyewe. Maana yake aliyekuwa akibisha hakutoka nje. Alikuwa ndani tayari. Na hakuomba bei za saruji wala vyumba vya gesti. Aliomba picha moja tu, iliyokuwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa ambao Lorine aliutengeneza kwa mazoezi, ukurasa wa karakana ya Levi. Ilikuwa picha ya Levi ameshika propela, amekunja uso kwa ajili ya jua, anacheka.

Lorine aliifuta ile picha. Kesho yake ilikuwa imerudi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya Lorine yalikuwa mumewe. Levi hakuwahi kupenda chumba kile. Tangu msiba alikuwa akipita mlangoni pake akitazama barabara. Sasa akaanza kuingia. Mara anatafuta bisibisi, mara anachaji simu. Mara hana sababu, ameketi tu kwenye benchi ukutani, mikono magotini, uso umelegea kama mtu aliyetoka kuoga.

"Hapa kuna ubaridi poa," alijibu Levi, Lorine alipomuuliza.

Hakukuwa na ubaridi. Mashine ile ilikuwa ikikipasha chumba moto kama jiko.

Alasiri moja mvua ilishuka kutoka upande wa ziwa, mvua ile nzito inayokimbiza watu barabarani. Lorine alikuwa ametoka kununua sukari, akarudi amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, na alipofika upenuni mwa chumba akasikia mumewe anaongea ndani. Hakuwa akiongea kwa simu. Mtu wa simu hupaza sauti mvua ikinyesha, lakini Levi alikuwa akiongea chini chini, kwa sauti ile ya kitandani ambayo Lorine aliamini ni yake peke yake, na baada ya kila maneno mawili matatu alinyamaza, akangoja, na katika ule ukimya kibodi ilikuwa ikichapwa, taratibu kwanza, halafu haraka, haraka sana, na mtu yule hakusita hata mara moja kutafuta herufi.

"Ee, nimekula," Levi akasema ndani. Kibodi ikachapwa. "Kidogo tu. Sikuwa na hamu."

Lorine akausukuma mlango. Levi alikuwa ameketi kwenye benchi, mbali na meza, mikono magotini. Kibodi ilikuwa kimya. Kiti cha plastiki kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo na kugeuzwa upande wa benchi.

"Unaongea na nani?" Sauti yake ilitoka ndogo.

Levi alimtazama kwa aibu, kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sukari.

"Lorine, usikasirike. Ananiuliza kama nimekula."

"Nani?"

"Hiyo tu ndiyo anauliza. Nimekula? Nimelala poa? Injini zinakuja?" Akajipangusa uso. "Hakuna ubaya anasema. Hata wewe hajakutaja."

Haya ndiyo maneno yaliyomchoma kuliko yote. Kutukanwa na marehemu angevumilia. Kutotajwa kabisa hakuweza.

Watu wa pwani wangesema ni jini, wangechoma ubani na kulipigia ngoma, wajue linataka nini. Wa Sindo husema jachien, roho ya mtu aliyelala vibaya, na hawalipigii chochote, wanatafuta wa kuliondoa. Lorine alizaliwa Msabato na mchungaji wake angemwambia afunge na kuomba. Hakumwambia mchungaji. Alipanda bodaboda hadi Magunga, kwa Mama Roseline, mwanamke wa kanisa dogo la kanzu nyeupe ambaye watu humwendea wakiwa wamefunika kichwa wasijulikane.

Mama Roseline alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi yake.

"Wewe ndio ulimwita," alisema.

"Sikumwita, mama. Niliandika tu."

"Uliandika wapi?"

"Kwa mashine. Ni jina tu ya mashine."

"Na kila siku unaitaja, unaipea kazi. Hiyo si kuita?" Akatupa changarawe nje ya mlango. "Alizaa?"

"Hapana."

"Basi hakuna mtoto hata mmoja amepewa jina yake. Hapa duniani hakuna mtu anamwita. Halafu wewe, mke mwenza wake, unakuja kumwita wa kwanza. Na unamwita kama msichana wa kazi. Yaye, nyathina, mtoto wangu! Ungekuwa wewe, hungekuja?"

Lorine aliinamisha kichwa. Mama Roseline alimhurumia, ilionekana, maana sauti yake ilishuka.

"Si mbaya sana. Sitaki kuku, sitaki pesa. Rudi nyumbani. Mwite mama mkwe, mwite mzee wako, msimame hapo kwa mlango. Useme hivi: Mikayi, mimi ni Nyachira wako. Nimekukosea. Wewe ndio wa kwanza, tangulia ukalale. Useme ikitoka kwa roho. Ataenda."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Na ni ngumu kuliko kuku."

"Na nikibadilisha tu hiyo jina? Kwa mashine ni rahisi, ni dakika moja."

Mama Roseline aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Hiyo jina sasa ndiyo nguo yake. Ukimvua na hujampa heshima yake, hatatembea uchi, mama. Atavaa ile iko karibu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini tusimwonee Lorine, kwani alijaribu. Asubuhi iliyofuata aliwaita, nao wakaja. Mama mkwe alijifunga kitambaa chake cha kanisani, Levi aliacha injini mezani, wote wakasimama mbele ya mlango wa chumba ulioachwa wazi. Ndani mashine ilikuwa ikiunguruma kwa utulivu. Harufu ya mafuta na tangawizi iliwafikia hadi nje.

Lorine alisafisha koo.

"Mi..." alianza.

Na hapo akamwona Levi. Alikuwa ameinamia mbele, midomo imefunguka kidogo, macho yanang'aa, ana kiu ya kulisikia neno lile kutoka kwa mke wake aliye hai. Mama mkwe machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Lorine akaona kwamba akilitamka mbele yao hatalirudisha tena, maji yakimwagika hayazoleki, atakuwa amejiandika mwenyewe kuwa wa pili hadi kaburini, wa pili kwa mwanamke asiyepika wala asiyefua wala asiyelala na mtu. Neno likakwama. Alilisukuma na halikutoka.

"Mi... mitambo iko na shida kidogo," alisema. "Nilitaka tu mjue. Nitaitengeneza."

Akaingia, akafunga mlango kwa ndani, akaketi. Kiti kilikuwa na joto na safari hii hakukijali. Aliandika lile neno fupi la kutiisha, akaandika amri ya kubadilisha jina, na kiboksi kikamngoja. Angeweza kuandika simba. Angeweza kuandika mto wowote, Kuja au Nile. Lakini alikuwa na hasira, na mwenye hasira anataka cha kwake kijulikane ni cha kwake, kwa hiyo akaandika: lorine.

Feni ya mashine ilisimama. Ikakaa kimya muda wa mtu kumeza mate. Kisha ikaanza tena, laini kuliko zamani, na ile harufu ikakatika palepale.

Siku zilizofuata zilikuwa za amani hadi Lorine akamcheka Mama Roseline moyoni. Kiti kilikuwa baridi kama viti vyote. Hakuna aliyebisha kutoka ndani. Levi hakuingia tena chumbani mle, alilala nyumbani, alikula akashiba, na jina lake alilitaja kuliko wakati wowote. Lorine hili, Lorine lile. Alimwita akiwa karakana, alimwita akiwa bafuni. Mara nyingine alimwita na kuendelea na shughuli kabla hajajibiwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Jioni moja Lorine alikuwa jikoni akisonga ugali, Levi akaita kutoka uani, na kabla hajafungua mdomo akasikia "Ee?" ikiitikia upande wa lango, kwa sauti yake mwenyewe. Akasimama na mwiko mkononi. Akajiambia ni mwangwi.

Kisha akaenda Uriri, kumfundisha mzee Nyamhanga kubadilisha bei kwenye ukurasa wake bila kumsumbua kila mara. Alifika mchana, akamkuta mzee amekaa juu ya mifuko ya saruji.

"Karibu, madam," alisema Nyamhanga, ameshangaa. "Umekuja tena ya nini? Si ulinipigia asubuhi ukanifundisha yote? Nimeshaweka bei mpya. Ona."

"Mimi nilikupigia?"

"Wewe mwenyewe. Tena ulikuwa umefurahi sana! Unacheka tu, unacheka. Nikamwambia mama watoto, huyu madam kumbe ni mtu mzuri, siku zote nilidhani ananuna."

Lorine alitoka nje ya duka. Akampigia mumewe.

"Levi, ni mimi."

"Nani?"

"Mimi. Mke wako."

Levi akacheka, cheko lile la kawaida, la mtu asiye na neno na dunia. "Mke wangu yuko hapa ananipakulia chakula. Pengine umekosea namba, mama."

Na nyuma yake, karibu na simu, Lorine akajisikia mwenyewe akiuliza: "Nani huyo?"

Njia ya kutoka Uriri hadi Sindo hakuikumbuka baadaye, alikumbuka tu kwamba alimwambia kila mwenye pikipiki aliyempata aende mbio, na kwamba kila walipomuuliza wamwite nani alijibu kwa kupiga kelele, Lorine, Lorine Lorine, na kadiri alivyozidi kulitaja ndivyo lilivyozidi kuwa jepesi mdomoni, kama peremende inayokwisha, hadi walipoteremka upande wa ziwa, magugu maji yakinuka na giza likianza kuingia, akalitaja mara moja zaidi kwa kunong'ona na hakuhisi kitu kwenye ulimi.

Nguo zake zilikuwa kwenye kamba uani, zimefuliwa, zinatona maji. Nyumba yake ndogo ilikuwa na kufuli na giza. Lakini nyumba kubwa, ile inayotazamana na lango, ile ya Mikayi iliyokuwa imefungwa miaka yote, ilikuwa wazi, madirisha yana taa, na ndani mtu alikuwa akicheka na sahani zikigongana.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akimenya vitunguu. Aliinua macho.

"Mama, ni mimi," Lorine alisema.

Bibi alimtazama kwa upole wote, upole ambao hakuwahi kumpa hata siku moja. "In ng'a, nyathina? Wewe ni nani, mtoto wangu? Macho yangu yamezeeka." Kisha akageukia ndani, akaita kwa sauti tamu. "Lorine! Lorine, kuna mgeni!"

Hakuwahi kulitaja jina lile. Siku zote ilikuwa Nyachira, na sasa alikuwa akiliita kama nyanya anavyomwita mjukuu, na aliyeitika ndani aliitika "Ee, mama" mara moja, kama mtu aliyezoea kupendwa.

Levi ndiye aliyetokea mlangoni, anajipangusa mikono. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Alimtazama Lorine kwa adabu, kama anavyowatazama wateja.

"Levi," alisema, na machozi yakaanza. "Levi, niangalie. Nilikosea. Nitasema ile neno, nitasema sasa hivi mbele yenu wote. Niangalie tu."

"Pole, mama. Unamtafuta Lorine? Yuko ndani." Alisita, akatafuta namna ya kuuliza bila kumkosea mgeni. "Nimwambie nani amekuja?"

Alifungua mdomo ajitaje. Alitafuta jina lake, lile la vyeti na ubatizo, lile ambalo Levi alikuwa akilivuta polepole, na mahali pake palikuwa patupu. Kulikuwa na jina moja tu mle ndani, limelala peke yake, ambalo mwenye nalo alikuwa amelivua. Alijaribu kulizuia kwa meno.

"Millicent," alisema.

Levi alirudi nyuma hadi akaugonga mlango. Mama mkwe alipiga yowe, vitunguu vikamwagika, akanyakua sufuria na mwiko. Mwambao ule wote wanajua la kufanya roho ikisimama mlangoni. Unapiga bati, unapiga sufuria, unapiga chochote chenye kelele, ili ijue hapa si kwake ipite iende ziwani. Bibi akaanza. Jirani akasikia, akaanza. Mtaa wa pili ukaitikia, kisha wa tatu, na punde Sindo yote ilikuwa ikilia kwa mabati na masufuria, naye Lorine akarudi nyuma, akapita lango, akaziba masikio na kelele zikampitia vidoleni, zikimsukuma barabarani kuelekea kwenye maji, huku akipiga ukunga kwamba ni yeye, ni yeye jamani, na hakuna aliyesikia sauti yake katika zile kelele.

Aligeuka mara moja kutazama. Mlangoni pa nyumba kubwa alisimama mwanamke aliyevaa gauni lake, amekamata mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Yeye ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.